Bad Genius: nani alianza kuuza mtihani?

Kosa la kwanza katika filamu ya Bad Genius halifanywi na mwanafunzi. Baba yake Lynn, mwalimu wa mshahara wa kawaida, analipa chai ili binti yake apate nafasi katika shule ya wenye nazo. Shule inaipokea kwa uso mkavu, huku ikijisifu kuwa imempa mtoto ufadhili kwa sababu ya kichwa chake. Kosa la pili ni la mwalimu anayefundisha twisheni, kisha anatunga mtihani wa maswali yaleyale aliyowapa waliolipia. Lynn, ambaye karibu kila aliyeitazama humtaja kuwa ndiye mwizi, anakuja wa tatu. Ndiye wa kwanza kuadhibiwa.

Foleni hiyo ndiyo filamu yenyewe. Anayeitazama akitafuta jibu la kama kuibia mtihani ni vibaya atapoteza saa mbili zake, maana jibu hilo analijua hata mtoto wa darasa la tatu.

Nitaieleza mpaka mwisho, kwa hiyo asiyependa kusimuliwa aishie hapa. Ni filamu ya Thailand ya mwaka 2017, dakika 130, imeongozwa na Nattawut Poonpiriya. Mwaka ule hakuna filamu ya kwao iliyoipita kwa mapato. Lynn ameigizwa na Chutimon Chuengcharoensukying, mwanamitindo ambaye hiyo ilikuwa filamu yake ya kwanza, na Bank, kipanga mwenzake, ni Chanon Santinatornkul. Ukiitafuta kwa vijana wanaojaza muvi kwenye flashi pale Ngamiani, hapa Tanga, angalia usipewe ile ya Kimarekani ya 2024 yenye jina hilohilo.

Wizi wenyewe umepangwa kwa ngazi, na kila ngazi ina mahali pake pa kuvunjika. Mwanzo ni raba ya kufutia: Lynn anaandika majibu juu yake, anaitia kwenye kiatu, na kiatu kinasukumwa nyuma mpaka kwa rafiki yake Grace. Njia hiyo inamfaa mtu mmoja tu, na lazima akae karibu. Pat, mpenzi wa Grace, mtoto wa geti kali ambaye baba yake haulizi bei, anapotaka kuwaingiza wenzake kwa malipo, Lynn anageukia piano aliyojifunza tangu utotoni. Anachagua nyimbo nne, moja kwa A, moja kwa B, nyingine kwa C na D. Vidole vyake vinapiga juu ya dawati kana kwamba anafikiri, na wateja wanasoma mwendo wa vidole. Hakuna karatasi wala simu, hakuna kitu ambacho msimamizi anaweza kukishika mkononi akasema hiki hapa.

Udhaifu wake ni kwamba wote lazima wawe na karatasi moja. Shule inapotoa seti mbili za maswali, Lynn analazimika kufanya mitihani miwili kwa muda wa mmoja, na ndipo mambo yanapoharibika. Hapa pana jambo ambalo wanafunzi wengi hawalijui. Majibu sahihi yanayofanana hayamshitaki mtu, kwa sababu waliosoma wote watapata sahihi. Kinachoshitaki ni makosa yanayofanana. Watu wawili wakikosea swali moja kwa kuchagua herufi ileile, ni bahati mbaya; wakifanya hivyo mara nane katika karatasi moja, hakuna mtahini atakayeamini bahati. Hata Baraza letu la Mitihani la Tanzania limewahi kufuta matokeo kwa sababu ya mfanano wa majibu usio wa kawaida.

Ngazi ya mwisho ni STIC, mtihani wa kubuni uliochorwa kutokana na ile SAT ya Marekani, mtihani wa kuombea nafasi vyuoni. Unafanywa siku moja duniani kote, saa ileile ya asubuhi ya kila mji, na asubuhi ya Sydney hufika kabla ya asubuhi ya Bangkok. Lynn na Bank wanapanda ndege, wanagawana maswali ya kukariri, wanayatuma kwa simu zilizofichwa chooni. Huku Bangkok majibu yanageuzwa kuwa mistari ya msimbo, ule unaouona kwenye pakiti ya biskuti, na kuchapwa kwenye penseli za wateja. Mwanya huo haukutungwa hewani. Mei 2013 SAT ilifutwa Korea Kusini, na Oktoba 2014 matokeo ya wanafunzi wa China na Korea Kusini yalizuiliwa, yote kwa tuhuma za udanganyifu. Leo mbinu ya Sydney isingefika mbali. Tangu Machi 2023 SAT ya nje ya Marekani inafanywa kwenye kompyuta na watahiniwa hawapewi seti moja ya maswali. Cambridge, watungaji wa mitihani wa Uingereza, nao wamezigawa nchi katika kanda zenye matoleo tofauti ya karatasi, na wameweka saa maalumu ambayo kila mtahiniwa lazima awe ndani ya chumba au chini ya uangalizi.

Sasa mlete Lynn hapa Tanga, umkalishe katika mtihani wa kidato cha nne. Atakosa kazi. Basic Mathematics haina hata swali moja la kuchagua herufi. Unaonesha njia hatua kwa hatua. Katika masomo kama historia na jiografia, vipengele kumi vya kuchagua ni alama 10 kati ya 100, na zilizobaki ni za kuoanisha, kueleza na kuandika insha. Insha haipigwi kwa vidole. Angepata soko darasa la saba tu, ambako maswali 40 kati ya 45 ni ya kuchagua, lakini huko majibu yanakwenda mpaka E, kwa hiyo angehitaji wimbo wa tano.

Umbo la mtihani linaamua ni nani anaweza kuuuza. Pale ambapo herufi nne zinatosha, muuzaji anaweza kuwa mtoto maskini mwenye akili. Pale ambapo lazima uandike kurasa, chabo haitoshi. Anayeweza kukuuzia ni mtu mzima aliye karibu na bahasha kabla haijafunguliwa, au aliye karibu na chumba ilipofunguliwa. Mitihani yetu ya kidato cha nne ya 1998 ilivuja, ikafutwa na kurudiwa, na bila shaka hakuna mtoto aliyeichapa nyumbani kwao. Ndiyo maana naona filamu hii inatuhusu zaidi katika dakika zake ishirini za mwanzo kuliko katika mbio zote za Sydney.

Katika dakika hizo, wakati wa usaili, Lynn anapiga hesabu ya ada, nauli na chakula mbele ya mkuu wa shule. Tupige ya kwetu. Chukua mtoto wa Makorora, mtaa wa watu wa kawaida hapa Tanga, na mtoto wa Raskazone, mtaa wa wenye nazo, wote kidato cha tatu. Ada hawalipi, iliondolewa kuanzia Januari 2016. Sasa weka twisheni ya shilingi 1,000 kwa siku, siku tano, wiki nne: ni 20,000 kwa mwezi kwa mtoto mmoja. Mama anayeuza mihogo na bajia akiwa na watatu wanaosoma, hiyo ni 60,000 kabla ya daftari na kabla ya nauli ya daladala. Kwa mzazi wa Raskazone hiyo ni bili ya king'amuzi na vocha. Mwalimu akitunga jaribio kutoka kwenye maswali ya twisheni, mtoto wa Makorora ameibiwa kabla hajakaa kwenye dawati, na hakuna kanuni iliyovunjwa kwa macho ya mtu. Huyo aliyelipa anaitwa mwanafunzi mwenye bidii. Mwenzake akigeuza shingo apige chabo, anaandikiwa ripoti.

Hili halinifanyi nimtetee Lynn. Anajua anachofanya, anaupenda ushindi wake kuliko anavyokiri, na anamwingiza Bank katika jambo ambalo Bank alikuwa amelikataa. Lakini ukiangalia mapato, msichana huyu hana tofauti na mkata mkonge wa Pongwe: analipwa kwa matita aliyokata, na bei ya singa za mkonge zikifika Ulaya si habari yake. Pat analipa mara moja na anapata chuo Boston. Wazazi wake wanafurahi hata wanamlipia Grace naye aende, wakiamini ndiye aliyemfundisha mtoto wao. Hakuna anayemuuliza Lynn anakwenda chuo gani.

Tazama pia jinsi hasara inavyogawanywa. Bank anaripoti wizi wa mtihani wa shule, na anayepoteza ufadhili pamoja na nafasi ya kwenda Singapore ni Lynn. Wateja wanabaki na maisha yao. Kisha Bank naye anavamiwa, anapigwa na kutupwa jalalani usiku wa kuamkia mtihani wake wa ufadhili. Baadaye tunajua mkono wa Pat ulikuwa nyuma yake, ili kijana asiye na njia nyingine akubali kwenda Sydney. Akakubali, kwa sababu mama yake ana duka la kufulia nguo na mashine zimechoka. Huko Sydney Bank anakamatwa, Lynn anabaki kukumbuka majibu peke yake. Bank anajitwisha lawama yote. Pat hakuwahi kukaribia chumba kile. Mnyonge msonge, na filamu inaujua msemo huo bila kuusikia.

Anayedhani haya ni chumvi ya waandishi wa filamu aangalie kesi ya Marekani ya 2019, ile ya wazazi matajiri waliowanunulia watoto nafasi vyuoni kupitia William Rick Singer. Mwigizaji Felicity Huffman alilipa dola 15,000 ili majibu ya binti yake yarekebishwe, akahukumiwa siku 14. Mark Riddell, kichwa kilichokuwa kikifanya marekebisho hayo, kwa kawaida akilipwa dola 10,000 kwa mtihani, alipewa miezi minne. Ni kweli Riddell alifanya mara nyingi na Huffman mara moja, na wapo wazazi waliofungwa zaidi ya hapo. Bado swali linalomhusu Bank linabaki palepale: bila mnunuzi, akili ya kuuza ingekaa wapi?

Ninapogombana na filamu hii ni mwishoni. Bank anarudi na fedha, duka la mama yake linang'aa, na sasa yeye ndiye anayemshinikiza Lynn waendelee, safari hii na mitihani ya kuingia vyuo vya Thailand, la sivyo atamtaja. Kijana mwadilifu kuliko wote anageuzwa kuwa mtishaji. Naelewa kwa nini: wametaka tuone adhabu isiyo na haki inavyomharibu mtu. Lakini picha ya mwisho ya uovu tunayoondoka nayo ina sura ya mtoto wa dobi, na Pat, aliyenunua kila kitu ikiwemo kipigo, tunamwacha akisherehekea matokeo. Kisha Lynn anakwenda kukiri, baba yake akiwa pamoja naye. Kukiri ni jambo jema. Ila kwa nini dhamiri nayo ianguke kwenye bega la aliyekuwa maskini? Na ile chai ya mwanzo, je? Mkuu wa shule hatumwoni akiitwa popote.

Wapo watakaosema nataka filamu iwe mahakama. Hapana. Nataka tu isimsahau mtu iliyemwonesha yenyewe katika dakika ya kumi. Kama Lynn atakiri yote, basi akiri na risiti ya baba yake mkononi.

Mji wetu una sababu ya kulisikia hili kuliko mingine. Shule ya kwanza ya serikali ya Wajerumani katika nchi hii ilifunguliwa hapa Tanga miaka ya 1890, na kazi yake ilikuwa kutoa makarani, wakalimani na maakida. Tangu siku hizo cheti kimekuwa njia ya kutoka juani kwenda kwenye kiti, na viti havijawahi kuwatosha wanaovitaka. Baraza liliacha kutangaza shule kumi bora kuanzia matokeo ya kidato cha nne ya 2022, na mimi naliunga mkono, kwa sababu orodha ile ilikuwa tangazo la bure kwa shule za ada kubwa. Lakini orodha kutosomwa redioni hakujapunguza twisheni hata moja.

Mwalimu anayetaka kuionesha kwa kidato cha tatu au cha nne ajue kwamba dakika 130 ni zaidi ya vipindi vitatu vya dakika 40, kwa hiyo aigawe. Sehemu ya kwanza iishie pale Lynn anapopoteza ufadhili. Kabla ya kuendelea, wanafunzi waandike kila malipo yaliyofanyika mpaka hapo: nani alilipa, nani alipokea, na malipo hayo yaliitwaje. Mtu akianza na raba ya kwenye kiatu, amerukia katikati. Arudishwe kwenye usaili. Sehemu ya pili iishie uwanja wa ndege, na orodha iongezwe safu moja: nani angepoteza nini wakikamatwa. Tafsiri ya sauti izimwe wakati wa mtihani wa piano, kwa sababu watafsiri wetu hupenda kuongea juu ya muziki, na pale vidole ndivyo vinavyosema. Mwisho uoneshwe wote bila kukatizwa, halafu mwalimu akae kimya dakika kadhaa na kuwaacha wabishane kuhusu Bank. Watabishana sana, na hasa watoto wa shule za kutwa wana mengi ya kusema juu yake.