Kutazama bakapu si kuirejesha

Msimamo wangu ni huu: kutazama bakapu, yaani nakala ya akiba ya faili, ni jambo moja, kuirejesha ni jingine, na anayetunza hesabu zake kwenye kompyuta asikubali programu imchanganyie.

Chukua Quicken, programu ya kutunza hesabu za fedha. Ukiipa faili la bakapu inakuuliza: itengeneze nakala nyingine, au ifute faili la sasa na kuweka hili la zamani? Swali ni halali. Ila linamkuta mtu saa tano usiku, macho mazito, anatafuta tu lini alilipa ada ya mtoto. Jibu moja linamwonyesha mwaka jana, jingine linamrudisha mwaka jana.

GnuCash, programu nyingine ya kazi hiyo ambayo ni ya bure, mtego wake uko kwingine. Kila ukihifadhi, faili lililokuwepo halifutwi. Linabandikwa tarehe na kuwekwa pembeni. Ukikuta kodi.gnucash.20250131184502.gnucash usibabaike na hizo tarakimu: ni 31 Januari 2025, saa 18:45, yaani saa kumi na mbili na dakika arobaini na tano jioni kwa saa zetu. Ndani yake mna hesabu kama zilivyokuwa kabla hujahifadhi mara hiyo. Shida ni kwamba linafunguka kama faili lolote, bila onyo, na kesho ukiwasha programu inakuletea faili ulilofungua mwisho. Mtu anaweza kuandika matumizi ya wiki nzima ndani ya bakapu huku faili halisi limelala.

Mjomba wangu anapangisha vyumba Makorora, Tanga, na kwenye GnuCash ndimo anamoandika kodi, umeme wa LUKU na fundi bomba. Mpangaji mmoja alishikilia kwamba kodi yake ilishaandikwa, kisha ikabadilishwa.

"Fungua hiyo ya Januari tuone," mjomba akasema.

"Subiri kidogo, mjomba. Tuinakili kwanza."

Akaguna, lakini akaniachia kiti. Nikatengeneza folda kwenye dezktopu, nikanakili bakapu humo, nikaipa jina TAZAMA-TU. Hiyo ndiyo tuliyoifungua. Kodi ilikuwepo kweli, ila kwenye akaunti ya chumba cha jirani. Baadaye mjomba aliihamishia kwa mwenyewe na akasahau. Kabla ya kuzima nikafungua tena faili halisi, nikamwonyesha jina lake juu kabisa ya dirisha, kisha folda ile tukaifuta.

Kazi nzima ni hiyo, haina utaalamu. Cha muhimu ni jina. Ukiiacha nakala na jina lake la kiprogramu utakuja kuichanganya tu, hasa kwa kuwa GnuCash hujihifadhi yenyewe kila baada ya dakika 5 ukiiacha ilivyokuja, na folda hujaa mafaili yanayofanana kama mapacha.

Halafu kuna jambo ambalo wengi hawaligundui hadi walihitaji: kwa mpangilio wake wa awali GnuCash hutunza bakapu hizo kwa siku 30, kisha inazifuta. Mwezi wa nne huwezi kwenda kuitafuta ya Januari kama hukuinakili kwingine. Mpangilio huo unabadilishika, na mimi ningeubadilisha leo hii. Nafasi ya diski siku hizi si ya kugombania.

Mwisho, mahali pa kutazamia. Faili la GnuCash halina nywila. Yeyote mwenye programu hiyo analifungua na kusoma nani anakudai na nani unamdai. Kwa hiyo sipendi kabisa tabia ya kubeba flashi yenye bakapu hadi steshenari za Ngamiani, ambako kompyuta moja inapokea flashi za mji mzima, na virusi vyake. Kama ni kuchapisha, toa PDF ya ripoti unayoihitaji, beba hiyo peke yake. Bakapu ibaki nyumbani.