Siku Mume Wangu Alipopika kwa Bia

Mume wangu ukimwona jikoni ujue anatafuta kifungua chupa. Kwa hiyo Jumamosi ile aliponiambia, "Mama watoto, leo kaa, napika mimi," nilimgusa kwanza paji la uso. Homa hakuwa nayo. Kumbe kamwalika mdogo wake waonje bia za aina mbalimbali, na simu imemshauri kwamba usiku wa namna hiyo hunoga kwa mchuzi wa nyama uliopikwa kwa bia.

Upande wa kuonja, sina ubishi, alijipanga. Glasi kwenye mstari, maji na mkate wa kusafishia ulimi, bia nyepesi mbele na stauti nyeusi ti mwisho, maana ukianza na nzito, zile nyepesi utaziona maji matupu. Hata fomu za kutolea alama alichapisha: rangi, harufu, povu, ladha.

Jikoni sasa! Anakata kitunguu, analia, anafuta machozi kwa mkono uleule, analia upya. "Mama watoto, chumvi iko wapi?" Iko mbele yake. "Na moto mdogo ni upi?" Nimekatazwa kuinuka, basi najibu kwa kupaza sauti kutoka sebuleni kama mtangazaji wa mpira.

Maelekezo yalisema stauti. Lakini stauti ilikuwa moja tu, na hiyo aliitunza kwa ajili ya mezani. Akachukua IPA, ile bia iliyoshehenezwa hopi (maua yanayotia bia uchungu), chungu hata kabla haijaona moto. "Bia ni bia," akasema mtu yuleyule aliyetoka kunihubiria tofauti zake. Akamimina chupa nzima, akaona haitoshi, akaongeza nyingine, kisha akaacha vichemke mpaka mchuzi ukawa mzito. Maji ya bia yanapaa na mvuke, ndugu zangu. Uchungu haupai, unabaki sufuriani ukijikusanya.

Tukiwa tunasubiri, tukasikia pu! Shemeji akaruka kwenye kiti. Ni chupa ya laga iliyotiwa friza "ipate baridi kidogo tu" na kusahauliwa. Bia ya kawaida huganda kwenye nyuzi 2 au 3 chini ya sifuri; friza ya nyumbani huwa kama 18 chini. Aliyeokota vigae mnamjua. Marufuku ya kuinuka ilikuwa imeondolewa ghafla.

Chakula kikaja. Rangi, wallahi, ilipendeza. Shemeji akachovya mkate, akatia mdomoni, akaacha kutafuna. Mimi nililamba ncha ya kijiko tu: shubiri! Tukamtazama mpishi. Akameza, akafumba macho, akainua kidole.

"Mwanzo unapata ganda la chungwa," akasema. "Halafu majani. Mwisho unakuja uchungu, unabaki... unabaki..." Akanyoosha mkono kutafuta maji.

Shemeji hakusema neno. Alivuta fomu moja, akaandika juu "Mchuzi wa Kaka", akajaza. Rangi 9. Harufu 7. Povu 0. Ladha akaiacha wazi, akachora msalaba mdogo kama wa kaburini.

Mume wangu akaisoma ile karatasi juu mpaka chini, kisha akamgeukia mdogo wake kwa uchungu wa kweli: "Sasa wewe, povu umeninyima kwa nini?"