"Sorry" ya mtu wa Dodoma ina kosa gani?

Mgeni anajikwaa kwenye ngazi ya hoteli, simu inamponyoka, kioo kinapasuka. Dada wa mapokezi, aliye mbali nyuma ya kaunta, anamwambia papo hapo: "Sorry!" Mgeni anashangaa, anamjibu kwamba yeye hana kosa lolote. Hapa Dodoma, mji uliojaa wageni wa Bunge na wizara, hali hiyo si ngeni, na walimu wengi wa Kiingereza huisahihisha kwa ukali: sorry husema aliyekosa, usibebe kosa lisilo lako.

Wana hoja. Katika Kiingereza cha leo, sorry ikitamkwa peke yake mara nyingi hupokelewa kama "nisamehe", na anayekwenda kwenye usaili wa kazi ni vizuri alijue hilo.

Ila kusema dada yule hajui maana ya neno ni kumwonea. Katika Kiingereza cha Kale neno hili lilikuwa sārig, kutoka sār, yaani maumivu au kidonda, mzizi uleule uliozaa sore. Mtu aliyekuwa sārig aliumia moyoni, basi. Habari ya kukosa haikuwamo. (Wengi hulidhania kuwa mtoto wa sorrow. Hilo lina mzizi wake, sorg. Yamefanana tu kwa kuishi pamoja.) Sorry tupu kama ombi la radhi ni mtindo wa juzi, wa karne ya 19. Na hadi leo Mwingereza akienda msibani husema "I'm sorry", wala hakuna anayemuuliza kama ndiye aliyeua.

Sisi kazi hizo mbili tumezigawa. Pole ni ya ukoo wa poa na mpole: unamtakia mwenzako apoe, naye hujibu, "Asante, nimeshapoa." Tenga la nyanya likimwagika pale Soko la Majengo, "pole mama" zitatoka kila meza kabla mwenye mkokoteni hajageuka kutazama alichogonga. Samahani inabaki deni lake yeye peke yake. Kiingereza kimeyabebesha yote mawili neno moja, na anayekizungumza kwa moyo wa Kiswahili huchukua ile maana ya kale. Wanaijeria na Waghana nao hufanya vivyo hivyo.

Utata huu umewasumbua wenye lugha yao hata wakautungia sheria. Mwaka 1986 jimbo la Massachusetts, Marekani, liliamua kwamba maneno ya huruma kwa aliyeumia ajalini yasitumike mahakamani kuthibitisha kosa. California ilifuata na sheria ya namna hiyo, ikaweka mpaka: ukisema umesikitika kwamba mwenzako ameumia, umelindwa, ukiongeza kwamba kosa ni lako, sehemu hiyo bado ni ushahidi. British Columbia, Kanada, mwaka 2006 ililinda hata kukiri kosa. Hebu fikiria: watu waliozaliwa na Kiingereza walinyamaza mbele ya majeruhi kwa kuogopa neno moja, mpaka bunge likawaruhusu kusema pole! Halafu mtoto wa shule huku anaambiwa yeye ndiye hakielewi.

Penye kasoro ya kweli ni kwingine. "Pole na safari", kwa aliyeshuka treni kutoka Dar, ukiigeuza "sorry for the journey", msikilizaji atadhani safari iliharibika. "Pole na kazi" nayo ikitafsiriwa hivyo humfanya ajiulize kazi yake ina ubaya gani. Kiingereza hakina pole ya uchovu wa kawaida; hapo mkaribishe tu, umuulize safari ilikuwaje. Kwa aliyejikwaa, sorry ibaki, ila iongezewe swali: "Oh, sorry, are you all right?" Swali hilo ndilo linalomwonyesha mgeni kwamba anapewa pole.