Miwani ya roboti na foleni ya mabusha

Kila vijana wa udaktari wanapokutana Mtwara, hoja hii haikosi: inunuliwe miwani ya uhalisia pepe, ile inayomwonyesha aliyeivaa chumba cha upasuaji kilichochorwa na kompyuta, madaktari wa kusini wajifunzie upasuaji wa roboti hapa hapa, bila kungoja nafasi Dar es Salaam wala ng'ambo.

Si hoja ya kupuuza. Katika upasuaji wa roboti daktari hamshiki mgonjwa. Anakaa pembeni, macho kwenye skrini, vidole kwenye vishikio. Mikono ya chuma ndiyo inayokata na kushona. Ndiyo maana mazoezi ya kompyuta hukaribia mno kazi yenyewe. Hata kwa upasuaji wa matundu madogo faida ilionekana mapema: mwaka 2002 ulichapishwa utafiti wa madaktari wanafunzi 16 wa Yale, Marekani, waliokuwa wakitoa vifuko vya nyongo. Waliotangulia kujinoa kwenye kompyuta walibandua kifuko kwa kasi zaidi kwa asilimia 29. Wenzao walikuwa na uwezekano mara 5 zaidi wa kukijeruhi au kuunguza nyama isiyohusika. Watu 16 ni wachache, lakini ningekuwa mgonjwa ningejua nimchague nani.

Tatizo langu ni roboti. Roboti ya da Vinci huuzwa kwa bei inayofika dola milioni 2, na vifaa vyake vina hesabu: kila kimoja hutumika mara kadhaa tu, kisha mashine inakikataa. Daktari wa Ligula, hospitali yetu ya mkoa wa Mtwara, atakayefuzu kwenye miwani atarudi kwenye koleo na uzi, na ujuzi usiotumika huota kutu.

Foleni yetu ya wagonjwa tunaijua. Ukanda huu wa Lindi na Mtwara umeishi na matende na mabusha miaka na miaka. Kuna ngiri, kuna ajali za bodaboda, kuna wajawazito wanaopasuliwa usiku wilayani, mara nyingi na daktari msaidizi. Huyo ndiye ningempa miwani kwanza, iwekewe zoezi la mama anayevuja damu, si la roboti. Na asiyepata miwani atengenezewe sanduku lenye kamera ya simu, ajifunze kufunga fundo akitazama skrini.

“Na roboti ikija?” vijana huuliza. Da Vinci ina programu ya mazoezi inayoendeshwa kwenye kiti kile kile cha daktari. Siku itakaposhushwa Mitengo, kwenye hospitali ya rufaa ya Kanda ya Kusini, darasa litashuka nayo.