Beta si ya wataalamu peke yao

Kuna mwandishi anasema kujaribu beta, yaani toleo la majaribio, ya eneokazi la Linux (sehemu ya madirisha na menyu unayoiona kwenye skrini) tuwaachie wataalamu. Hapo sikubaliani naye kabisa. KDE Plasma 6, mojawapo ya maeneokazi hayo, ilipotoka Februari 2024 ilikuwa imehamia Qt 6 (zana za programu zinazoijenga), na Wayland, mfumo wa kuonyesha picha kwenye skrini, ikawa ndiyo chaguo-msingi. Watengenezaji watapimaje mabadiliko makubwa hivyo peke yao, wakati hawana kila kadi ya michoro wala kila aina ya skrini? Mimi si mtaalamu. Kwenye beta ya eneokazi jingine niliona kishale kinatoweka kila nikichomeka skrini ya pili. Nikaandika hatua moja baada ya nyingine, nikataja na kadi yangu, tatizo likarekebishwa. Ila jamani, msiisakinishe kwenye kompyuta ya kazi, iwasheni kutoka kwenye flashi.