INR ikipanda, heparini isimame?

Mgonjwa wa sepsisi (maambukizi yaliyosambaa na kuathiri viungo vya mwili), siku ya 4 ICU, chumba cha wagonjwa mahututi, mjini Moshi. INR, kipimo cha damu inavyochelewa kuganda, ni 1.7; chembe sahani, zinazosaidia damu kuganda, ni 68,000. Hakuna damu inayotoka, ila michubuko pale alipochomwa sindano. Daktari ameandika heparini, dawa ya kuzuia damu kuganda, kwa dozi ya kinga: uniti 5,000 chini ya ngozi ya tumbo. Ndugu waliotoka Rombo wanauliza: "Daktari, tumesikia damu yake ni nyepesi, mbona mnazidi kuilainisha?" Kwenye raundi ya asubuhi hata madaktari wanaliuliza swali hilo, na mara nyingi uamuzi ni uleule: simamisha hadi INR ishuke.

Wanaosita wana sababu. Mgonjwa huyu anatobolewa kila siku, na katheta ya shingoni ikigusa mshipa wa ateri si mchezo. Kichupa cha heparini cha ml 5 hubeba uniti 25,000. Dozi ya kinga ni ml 1 tu. Muuguzi wa zamu ya usiku akivuta kichupa chote amezidisha mara tano, na bila protamini, dawa ya kuzima heparini, karibu, kuibatilisha itakuwa kazi.

Lakini INR haipimi kinga dhidi ya mabonge ya damu. Hapo ndipo tunapojidanganya. Katika sepsisi, vigandishi vya damu hupungua kwa sababu vimetumika kutengeneza mabonge madogo ndani ya mishipa myembamba. Na breki za mwili zenyewe za kuzuia kuganda, antithrombini na protini C, zimeisha pia. Damu ya namna hiyo huvuja na kuganda kwa wakati mmoja: fizi zinatoa damu huku vidole vya miguu vinaanza kuwa vyeusi. Ongeza kulala wiki mbili bila kugeuka na katheta kwenye kinena.

Utafiti wa PROTECT wa mwaka 2011 ulifuatilia wagonjwa 3,764 wa ICU. Wote walipangiwa sindano ya kinga, ya heparini ya kawaida au dalteparini, dawa ya jamii hiyohiyo. Hata hivyo, watano hadi sita katika kila 100 walipata bonge kwenye mishipa mikubwa ya mguu. Kwa sindano ya kila siku! Tena yalionekana kwa sababu miguu ilipigwa ultrasaundi mara mbili kwa wiki. Bila ratiba hiyo, bonge hujitangaza mguu ukivimba, au oksijeni ikishuka ghafla mgonjwa anapogeuzwa, na kwenye faili panaandikwa "sepsisi imemzidi." Aliyesimamishiwa kinga siku tisa kwa ajili ya INR 1.7 tunamweka kundi gani?

Heparini haitibu sepsisi, na hilo likubaliwe. Drotrekogini alfa, protini C ya maabara iliyosifiwa mwaka 2001 kama tiba ya sepsisi, iliondolewa sokoni 2011 baada ya jaribio jingine kutoonyesha faida. Tunazungumzia kinga ya mguu na mapafu tu.

Kwa hiyo, kama havuji damu na chembe sahani ziko juu ya 50,000, endelea na heparini kila saa 8 au 12. Enoksaparini, ndugu wa heparini, mg 40 mara moja kwa siku inafaa figo zikiwa nzima. Zikishindwa, rudi heparini. Kati ya 25,000 na 50,000 amua kila asubuhi kwa kumwangalia mgonjwa. Chini ya hapo, au damu ikitoka kweli, simamisha. Kati ya siku ya 5 na ya 10 tangu heparini ianze, chembe sahani zikipungua kwa nusu, ishuku heparini yenyewe: iache yote, hata ile ya kusafishia katheta, na usikimbilie enoksaparini.

Wiki ya pili kuna mtego mwingine. INR inapanda, chembe sahani ziko sawa. Mgonjwa amekaa kwenye antibiotiki ya seftriaksoni siku kumi na hajala cha maana. Mara nyingi huo ni upungufu wa vitamini K: mg 10 kwenye mshipa, taratibu kwa dakika 20 hadi 30, rudia kipimo kesho yake. Badala yake ndugu hutumwa kutafuta wachangiaji, na chupa nne za plazma zinamwagwa kurekebisha namba ya mtu asiyetoka damu.