Furaha ya dini iko wapi kama Finland hawasali?

Kila ikitoka ile ripoti ya furaha duniani mjadala unakuwa uleule. Finland wa kwanza, wamekaa pale juu tangu 2018, sisi Watanzania tuko mkiani, mwaka 2019 tulikuwa wa 153 kati ya nchi 156, na hapohapo anatokea mtu anasema si mnaona, kule makanisa matupu, huku Mbeya kila kona kuna kanisa na kila Ijumaa mkesha, sasa hiyo furaha ya dini iko wapi?

Hoja ina nguvu na sio ya kupuuza. Ila inawaonea watu wa dini, manake inalinganisha nchi na nchi wakati swali lenyewe ni la mtu na jirani yake. Ile ripoti inamuuliza mtu ajiweke kwenye ngazi ya 0 mpaka 10, maisha yake yako wapi. Mkulima wa viazi wa Uyole ambaye gunia limeuzwa kwa hasara na hana bima atajiweka chini hata kama anasali usiku na mchana. Mwaka 2011 mwanasaikolojia Ed Diener na wenzake walichukua data za Gallup, shirika la kura za maoni, za nchi nyingi wakaangalia ndani ya kila nchi, wakakuta palipo na maisha magumu wenye dini wana hali nzuri kuliko wasio nayo, wanapata heshima na watu wa kuwashika mkono, na kwenye nchi za maisha mepesi tofauti inakaribia kupotea. Yani huku kwetu dini inabeba mzigo ambao kule umebebwa na pensheni na hospitali.

Sasa inabebaje? Hapa kuna takwimu moja huwa siachi kuifikiria. Watafiti Chaeyoon Lim na Robert Putnam waliwafuatilia Wamarekani walewale mwaka 2006 na 2007. Wanaosali kila wiki na wana marafiki wa karibu watatu hadi watano kwenye usharika wao, 33% walisema wameridhika sana na maisha. Wanaosali kila wiki lakini hawana rafiki hata mmoja pale, 19%. Na wasiokanyaga kanisani kabisa? 19% vilevile! Mahubiri yaleyale, nyimbo zilezile, lakini asiyejuana na mtu anatoka sawa na aliyebaki nyumbani. Mtu atasema basi ni urafiki tu, hata kikoba au timu ya mpira ingetosha. Hapana, marafiki wa nje ya kanisa hawakuleta tofauti hiyohiyo, na wa kanisani walisaidia zaidi wale ambao dini wanaihesabu ni sehemu ya wao ni nani. Kwahiyo imani ina kazi yake, ila inapitia kwa watu.

Aliyewahi kukaa msiba wa Isyesye au Ilomba hapa Mbeya hii haimshangazi. Jua halijachomoza vizuri akina mama wa jumuiya wameshafika, kanga zimefungwa kiunoni, mmoja ana kuni kichwani mwingine ndoo ya maharage, mzee wa kanisa yuko na daftari anaandika rambirambi, elfu elfu, mia tano mia tano, na kwaya inaimba usiku kucha kwenye baridi ile ya mwezi wa sita. Ila kikubwa zaidi kinakuja matanga yakishaanuliwa, ndugu wa Dar wamesharudi zao, jumuiya inahamishia sala kwa mjane, wanakaa kwenye mikeka, wakimaliza kusali wanauliza ada ya yule wa fomu tuu imefikia wapi. Waislamu wa Mwanjelwa nao wana khitma zao na futari zao, ni kitu kilekile.

Upande wa pili upo na unauma. Wapo wahubiri wanaowaambia watu wameshapona waache dawa, na hii ni kanda ambayo Njombe peke yake utafiti wa 2022-2023 ulikuta maambukizi ya VVU 12.7%, hapo mtu anauziwa tumaini analipa kwa uhai wake. Ipo pia hofu ya kurogwa inayopaliliwa madhabahuni mpaka mama na mwanae hawasalimiani. Hayo siyatetei hata kidogo.

Lakini anayeninyima usingizi zaidi ni huyu wa 19%, anayesali kila Jumapili na hajulikani. Kijana katoka Makete kaja kusoma mjini, anaingia kanisa la spika kubwa, anakaa nyuma, anaimba, anatoa sadaka, anapanda bajaji anarudi geto hakuna aliyemuuliza jina. Au mama aliyeacha kuja kwa sababu majina ya wasiotimiza ahadi yalisomwa mbele ya watu na lake likiwemo. Sharika nyingi zina orodha ya bahasha, nani katoa nani bado, wanajua mpaka mia. Orodha ya nani hajaonekana Jumapili mbili na nani kaenda kumjulia hali wengi hawana, na kama wachungaji wetu wangeniuliza waanze wapi ningewaambia waanze na hiyo.